Mfalme Mtoto na Wajomba Zake: Maisha ya Edward wa Sita

Tunapofungua Kitabu cha Sala siku ya Jumapili, ni wachache kati yetu wanaokumbuka kwamba kitabu hicho kilitolewa kwa mara ya kwanza katika enzi ya mfalme aliyekuwa bado mtoto. Mtoto huyo ni Edward wa Sita wa Uingereza. Alirithi ufalme akiwa na umri wa miaka 9, akafariki kabla hajatimiza miaka 16. Tumeona vema tuyasimulie maisha yake, hasa ile miaka mitatu ya kwanza iliyojaa misukosuko. Ndani yake mna fundisho kwetu sisi tuliokabidhiwa watoto wa wenzetu, na kwetu sisi tuliokabidhiwa mali na kazi za Kanisa.

Edward alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1537 katika jumba la Hampton Court, karibu na mji wa London. Baba yake, Mfalme Henry wa Nane, alikuwa amemngojea mtoto wa kiume kwa miaka mingi. Kwa ajili ya kutamani mrithi alikuwa amekwisha kumwacha mke wa kwanza na kumwua wa pili, na katika mambo hayo akaitenga Uingereza na mamlaka ya Papa. Basi mtoto alipozaliwa kengele zililia nchi nzima. Siku ya tatu alibatizwa, na mmoja wa wadhamini wake katika ubatizo alikuwa Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury. Lakini furaha haikudumu. Mama yake, Jane Seymour, aliugua baada ya uzazi, akafariki mtoto akiwa na siku 12 tu.

Hivyo Edward hakumjua mama yake mzazi. Alilelewa na walezi wa kike mpaka alipofikia miaka 6, kisha akawekwa mikononi mwa walimu. Wawili walio mashuhuri ni Richard Cox na John Cheke, watu wenye elimu kubwa waliopenda mageuzi ya Kanisa. Walimfundisha Kilatini, Kiyunani, Kifaransa na Maandiko Matakatifu. Mtoto alikuwa mwepesi wa kujifunza. Baadaye alianza kuandika kitabu cha kumbukumbu za enzi yake, na kitabu hicho kipo hata leo. Alikuwa na dada wawili, kila mmoja na mama yake: Mary, aliyemzidi miaka 21, na Elizabeth, aliyemzidi miaka 4. Mwaka 1543 baba yao alimwoa Catherine Parr, mke wake wa sita, mama mwema aliyejitahidi kuwakusanya watoto hawa waliotawanyika.

Mfalme Henry alifariki tarehe 28 Januari 1547. Kwa siku tatu habari ilifichwa, na chakula kiliendelea kupelekwa chumbani kwake kana kwamba yu hai. Katika siku hizo wakubwa walikuwa wakishauriana jinsi ya kugawana madaraka. Mjomba wa Edward, jina lake Edward Seymour, alipanda farasi kwenda kumchukua mtoto, akampeleka Enfield alikokuwa dada yake Elizabeth. Hapo wote wawili walipashwa habari ya msiba, wakakumbatiana na kulia. Mtoto aliyekuwa akimlilia baba yake alikuwa amekwisha kuwa mfalme.

Sasa tutazame wosia wa Henry, maana hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Mfalme alijua kwamba mwanawe hataweza kutawala peke yake mpaka atimize miaka 18. Aliwateua watu 16 wawe baraza la kuiongoza nchi, wote wakiwa sawa, pasipo mmoja kuwa juu ya wenzake. Bila shaka aliogopa kwamba mmoja akipewa nguvu zote, mtoto atakuwa chombo chake. Lakini maiti ya Henry ilikuwa haijazikwa wakati baraza lile lilipokubali kumweka Seymour kuwa Mlinzi wa Ufalme. Punde si punde akapewa cheo cha Duke wa Somerset, na wale waliomwunga mkono wakapata vyeo na mashamba. Wosia ulikuwa wa marehemu, nao waliokuwa hai waliusoma walivyotaka.

Tarehe 20 Februari 1547 Edward alitawazwa katika kanisa la Westminster. Ibada ilifupishwa kwa kuwa mfalme alikuwa mtoto, ili asichoke. Wale waliotaka Kanisa litengenezwe upya walimfananisha na Yosia wa Yuda, aliyetawala akiwa na miaka 8, na ambaye siku zake Kitabu cha Torati kilionekana tena Hekaluni. Wengine walikumbuka onyo la Mhubiri juu ya nchi ambayo mfalme wake ni mtoto. Tunavyoona sisi, wote walikuwa na haki. Yosia alipata watu wakweli wa kumwongoza. Je, huyu angewapata?

Taabu ya kwanza ilitoka nyumbani kwake mwenyewe. Mlinzi wa Ufalme alikuwa na mdogo wake, Thomas Seymour, mkuu wa majeshi ya majini. Naye pia alikuwa mjomba wa mfalme, na aliona uchungu kwamba kaka yake ameshika kila kitu. Alimwoa Catherine Parr, mjane wa Henry, miezi michache tu baada ya mazishi. Tena akaanza kumvuta mtoto upande wake. Somerset alimnyima Edward fedha za matumizi, hata mtoto hakuwa na cha kuwatunza watumishi wake. Basi Thomas akawa anampelekea fedha kwa siri kwa mkono wa mtumishi mmoja. Kisha akamletea barua aitie sahihi, ili yeye Thomas awe mlezi wake. Edward alisita, akamwuliza mwalimu wake Cheke, na mwalimu akamshauri asitie sahihi. Tumsifu mwalimu huyo. Katikati ya watu waliomtaka mtoto kwa faida yao, alimpa shauri la kweli.

Catherine alifariki mwaka 1548 baada ya kujifungua, na Thomas akazidi kupotoka. Usiku mmoja wa Januari 1549 alijaribu kuingia chumba cha mfalme huko Hampton Court. Husimuliwa kwamba mbwa mdogo wa mfalme alibweka, naye akampiga risasi. Walinzi wakaamka, Thomas akakamatwa. Baraza lilimshtaki kwa uhaini, akahukumiwa bila kupewa nafasi ya kujitetea mahakamani. Mfalme, mtoto wa miaka 11, aliombwa akubali mjomba wake auawe, akakubali kama alivyoongozwa. Somerset aliweka sahihi yake kwenye hati ya kumwua ndugu yake wa tumbo moja. Thomas alikatwa kichwa tarehe 20 Machi 1549.

Wakati huohuo Somerset alikuwa ameiingiza nchi vitani. Henry alikuwa ametaka Edward amwoe Mary, malkia mtoto wa Uskoti, aliyerithi ufalme akiwa na siku 6 tu tangu kuzaliwa. Waskoti walikataa. Somerset akaenda kutafuta bibi arusi kwa upanga. Septemba 1547 aliwashinda vibaya mahali paitwapo Pinkie, na maelfu waliuawa. Lakini ushindi huo haukuleta harusi. Mwaka uliofuata Waskoti walimpeleka malkia wao Ufaransa, naye Somerset akabaki na ngome za kulisha na deni la kulipa.

Tukija kwenye mambo ya Kanisa, yapasa tuseme wazi kwamba mema mengi yalianza katika miaka hiyo. Baba Askofu Mkuu Cranmer alikuwa ameyangoja kwa muda mrefu. Watu walianza kupewa mkate na kikombe pia katika Ushirika Mtakatifu, jambo lililokuwa limekoma kwa karne nyingi. Mapadri waliruhusiwa kuoa. Hatimaye, Bunge lilipopitisha sheria, Kitabu cha Sala kwa Kiingereza kilianza kutumika katika makanisa yote siku ya Pentekoste, tarehe 9 Juni 1549. Cranmer alikusanya ibada zilizokuwa zimetawanyika katika vitabu vingi vya Kilatini, akazitia katika kitabu kimoja. Sasa mkulima na mkewe waliweza kusikia na kuelewa yale padri aliyoomba kwa niaba yao.

Lakini pamoja na mema hayo yalikuja mengine. Sanamu na picha zilivunjwa kwa amri, pasipo kuwaandaa watu. Mali za wakfu zilizowekwa kwa ajili ya kuombea marehemu zilichukuliwa na serikali. Ilisemwa kwamba zitajenga shule na kusaidia maskini, na shule kadhaa kweli zilipata sehemu, lakini fungu kubwa liliishia katika vita na katika mikono ya wakubwa. Mwananchi wa kijijini aliona taa ya kanisa lake imezimwa na shamba la wakfu limeuzwa, akaambiwa kwamba hayo ni mapenzi ya mfalme. Naye alijua vizuri kwamba mfalme ni mtoto.

Siku ya pili baada ya ile Pentekoste, watu wa kijiji cha Sampford Courtenay, upande wa magharibi, walimlazimisha padri wao arudie ibada ya zamani. Uasi ukaenea kama moto wa nyika. Watu wa Cornwall walijiunga, na katika madai yao walieleza kwamba baadhi yao hawajui Kiingereza kabisa. Hapa, ndugu zetu, tusimame kidogo. Kitabu kilitungwa ili watu waombe kwa lugha waielewayo, lakini kwa Wakornwall wale Kiingereza kilikuwa lugha ya wageni. Hakuna aliyewauliza. Waasi waliuzingira mji wa Exeter kwa majuma matano, mpaka jeshi la serikali, likiwa na askari wa kukodiwa kutoka nchi za nje, lilipowashinda mwezi wa Agosti. Maelfu walikufa, na mapadri kadhaa walinyongwa.

Mwezi wa Julai mwaka huohuo watu wa Norfolk, upande wa mashariki, waliinuka kwa sababu nyingine. Matajiri walikuwa wakizungushia ua malisho ya kijiji ili wafuge kondoo wao, na maskini wakakosa mahali pa kulishia ng'ombe. Kiongozi wao alikuwa Robert Kett, mtu mwenye mali ambaye alikubali kubomoa nyua zake mwenyewe. Walipiga kambi juu ya kilima nje ya mji wa Norwich. Walifanya mahakama chini ya mti, na padri mmoja aliwasomea sala za asubuhi na jioni kwa kitabu kipya. Watu wale hawakumkataa mfalme wala sala zake. Walidhani kwamba Mlinzi wa Ufalme, aliyejulikana kuwa na huruma kwa wanyonge, angewasikia. Badala yake lilikuja jeshi la John Dudley, likawaua maelfu tarehe 27 Agosti. Kett alinyongwa mwezi wa Desemba. Wazee wetu husema kwamba mafahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Kweli, mwaka ule nyasi ziliumia.

Wakubwa wenzake Somerset sasa walimwona kuwa amewaletea hasara, tena mwenye kiburi asiyesikia shauri. Alipopata habari kwamba wanapanga kumwondoa, alimchukua mfalme usiku wa tarehe 6 Oktoba 1549 kutoka Hampton Court, akampeleka mbio mpaka ngome ya Windsor. Edward alikuwa na mafua. Inasimuliwa kwamba alinung'unika kuwa yuko kama kifungoni, mahali pasipo hata bustani ya kutembea. Siku chache baadaye Somerset alikamatwa. Mwezi huohuo mfalme alitimiza miaka 12. Katika muda usiotimia miaka mitatu alikuwa amempoteza baba, mjomba mmoja ameuawa, na mjomba mwingine yuko gerezani.

Mamlaka yakamwangukia John Dudley, aliyepata baadaye cheo cha Duke wa Northumberland. Huyu alikuwa mwerevu kuliko Somerset. Alikomesha vita, akaanza kumfundisha mfalme kazi za Baraza, na mfalme akampenda. Somerset alifunguliwa kwa muda, kisha akashtakiwa tena, akakatwa kichwa tarehe 22 Januari 1552. Watu wengi waliokusanyika walitumaini mfalme angetoa msamaha, lakini haukuja. Katika kitabu chake cha kumbukumbu Edward aliandika kwa ufupi mno kwamba mjomba wake amekatwa kichwa asubuhi, wala hakuongeza neno la huzuni. Wengine humlaumu kuwa alikuwa na moyo mgumu. Sisi tunauliza, ni nani aliyemfundisha moyo mwingine? Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Hata hivyo moyo wake haukuwa wa jiwe. Dada yake Mary alishika misa ya Kilatini, na Edward alimkemea kwa ajili hiyo mbele ya Baraza, Mary akalia, na Edward naye akalia. Mwaka 1553 Askofu Ridley wa London alihubiri mbele yake juu ya wajibu wa kuwahurumia maskini. Baada ya ibada mfalme alimwita faraghani akamwuliza afanye nini. Mashauri hayo yakafikishwa kwa wakuu wa mji. Siku chache kabla ya kufa, Edward alitia sahihi hati ya kuthibitisha hospitali za maskini na wagonjwa mjini London, pamoja na Christ's Hospital, nyumba ya kulea na kusomesha watoto maskini na yatima. Yatima aliyevaa taji aliwakumbuka yatima wasio na kitu.

Mwaka 1552 kilitolewa Kitabu cha Sala cha pili, kilichozidi kuondoa desturi za zamani. Lakini mwanzo wa mwaka 1553 mfalme alianza kukohoa, akakonda, wala waganga hawakuweza kumponya. Aliogopa kwamba Mary atarudisha mambo yote nyuma. Kwa hiyo aliandika mpango wa kumpa ufalme binamu yake, Jane Grey, binti wa miaka kama 16, ambaye Northumberland alikuwa amemwoza kwa mwanawe. Edward alifariki huko Greenwich tarehe 6 Julai 1553. Mpango haukudumu hata majuma mawili. Mary alipokewa na watu, Northumberland akakatwa kichwa, na mwaka uliofuata yule binti Jane naye akauawa. Tena mtoto alikuwa ametumiwa na watu wazima.

Cranmer alimzika Edward katika kanisa la Westminster tarehe 8 Agosti, kwa ibada ya Kitabu cha Sala. Askofu Mkuu aliyekuwa mdhamini wake wakati wa ubatizo ndiye aliyemsindikiza kaburini. Baada ya hapo kitabu kilipigwa marufuku. Ridley alichomwa moto mwaka 1555, na Cranmer mwaka 1556. Lakini Elizabeth aliporithi ufalme alikirudisha kitabu mwaka 1559, na baada ya masahihisho mengine ya mwaka 1662 kilisafiri na wamisionari mpaka Mombasa na Zanzibar, kikafasiriwa kwa Kiswahili, hata kikatufikia sisi.

Basi tuseme nini juu ya mambo haya? Kwanza, tusidhani kwamba kazi njema hutakasa kila njia inayotumika. Kitabu kilikuwa chema, lakini kililetwa kwa amri na upanga kwa watu wasioandaliwa, na wengine kwa lugha wasiyoijua. Pengine wangefundishwa kwa upole wangekipokea. Sisi tunaobadilisha jambo katika ibada au katika mtaa wetu tukumbuke kuwaeleza wazee na kuwasikiliza, wala tusiseme tu kwamba imeamriwa.

Pili, na hili ndilo kubwa zaidi, kila aliyeshika mkono wa Edward alisema kwamba anamlinda. Mjomba mkubwa alichukua madaraka, mjomba mdogo alileta fedha ili anunue moyo wake, Northumberland alimtumia mpaka kitandani pa mauti. Mambo kama hayo hayakuisha katika majumba ya wafalme. Katika mitaa yetu ndugu akifariki, huja wengi kuwa walezi. Lakini shamba la marehemu lalimwa na nani? Fedha za mafao zilisomesha nani? Wosia wa marehemu ulisomwa namna gani? Na sisi tuliosimama kisimani kuwa wadhamini wa ubatizo, tunawajua watoto wale wako wapi leo? Heri mlezi aliye kama Cheke, ampaye mtoto shauri la kweli hata kama halimletei yeye faida.

Kwa karne nyingi kaburi la Edward halikuwa na jiwe lenye jina lake. Mwaka 1966 jiwe liliwekwa, na walioliweka hawakuwa wakubwa wa ufalme. Ni watu wa Christ's Hospital, nyumba ile ya watoto maskini aliyoithibitisha katika siku zake za mwisho. Mungu, aliye Baba wa yatima, atupe sote uaminifu katika wale aliotukabidhi. Amina.